Ubingwa ulionyang'anywa mezani: Howard 1971 na 1974

REHEMA: Habari za jioni, msikilizaji wetu, popote ulipo. Mimi ni Rehema, niko na kaka Saidi kama kawaida. Huyu bwana tangu juzi ananitumia ujumbe wa sauti, dakika nne, dakika tano, zote kuhusu timu ya chuo kimoja cha Marekani. Mwanzoni nilidhani anazungumzia ule mpira wao wa kukumbatia na kofia ngumu.

SAIDI: Hapana dada, huu ni mpira wetu, wa miguu. Chuo Kikuu cha Howard, pale Washington, msimu wa 1974. Mechi 19, wameshinda zote 19. Wamefunga magoli 63, wamefungwa 6.

REHEMA: Sita msimu mzima?

SAIDI: Msimu mzima. Lakini ukianzia 1974 hutaielewa ile timu. Lazima urudi nyuma hadi 1971.

REHEMA: Basi turudishe. Na utueleze kwanza Howard ni chuo gani, maana wapo wanaolisikia jina hili leo kwa mara ya kwanza.

SAIDI: Howard kilianzishwa 1867, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha kule Marekani, wakati watu waliotoka utumwani walikuwa wanatafuta mahali pa kusoma. Ni chuo cha Weusi, chenye heshima kubwa mpaka leo. Mwaka 1970 timu ya mpira ikapata kocha Mtrinidad, Lincoln Phillips. Huyu alikuwa kipa wa timu ya taifa ya Trinidad na Tobago, na alishacheza na kufundisha mpira wa kulipwa huko Marekani. Wachezaji wake wengi walikuwa vijana waliokuja kusoma kutoka Trinidad, Jamaica, Nigeria, Guinea. Hebu fikiria hicho chumba cha kubadilishia nguo: Mnigeria, Mjamaika, mtu wa Conakry anayezungumza Kifaransa, na kocha wao anatoka Port of Spain.

REHEMA: Halafu wanaingia kwenye mashindano ambayo mwenyewe keshajulikana.

SAIDI: Keshajulikana kabisa! Chuo Kikuu cha Saint Louis, cha mapadri Wajesuiti. Mashindano ya NCAA, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, yalianza 1959, na kufikia 1970 Saint Louis walishabeba kombe mara 8, moja wakigawana na Michigan State. Wachezaji wao wengi walikuwa vijana wa hapohapo mjini, waliokulia kwenye ligi za parokia. Sasa 1971 fainali inachezwa Miami, uwanja wa Orange Bowl, Howard wanawapiga 3-2. Ni mara ya kwanza chuo cha Weusi kuchukua ubingwa wa NCAA wa mpira wa miguu.

REHEMA: Na kombe likaenda Washington.

SAIDI: Likaenda. Januari 1973 NCAA wakatangaza kwamba ubingwa umefutwa. Na nafasi ya tatu ya 1970 nayo ikafutwa. Halafu wakawafungia wasicheze hatua za mwisho za mashindano ya 1973.

REHEMA: Kosa lenyewe lilikuwa nini? Maana ukisikia hivyo unafikiria wamechezesha mamluki.

SAIDI: Hilo neno ndilo linaloniuma, kwa sababu ndivyo walivyoonekana. Sasa sikia kanuni. Mchezaji wa kigeni akishatimiza miaka 19, kila mwaka aliocheza mashindano rasmi nje ya Marekani kabla ya kuingia chuo unakatwa kwenye miaka yake ya kuchezea chuo. Kijana wa Port of Spain kamaliza shule, yuko nyumbani, anasubiri nauli na karatasi, jioni anachezea timu ya mtaa wake. Halipwi senti. Akifika Howard anaambiwa, wewe mwaka mmoja umeshautumia.

REHEMA: Na Mmarekani aliyekaa nyumbani mwaka mzima akicheza timu ya mtaa wake?

SAIDI: Kanuni hiyo haimhusu. Ilikuwa ya wageni peke yao.

REHEMA: Kwa hiyo kijana yeyote wa Kariakoo au wa Majengo Mombasa, kabla ya chuo, angekuwa na kosa hilohilo.

SAIDI: Yeyote. Nani hapa kwetu kakaa mwaka bila kuchezea timu ya mtaa? Kulikuwa na tuhuma nyingine pia, tuwe wakweli. Kanuni ya miaka mitano, kwamba uwe umemaliza kuchezea chuo ndani ya miaka mitano tangu ulipoanza kusoma, na kanuni ya makadirio ya alama, kwamba kabla hujacheza lazima ikadiriwe kwa matokeo yako ya nyuma utapata wastani gani chuoni. Hii ya makadirio NCAA wenyewe waliifuta 1973, mwaka uleule waliowaadhibu Howard.

REHEMA: Haiingii akilini.

SAIDI: Dada, mimi nimewahi kuiona meza ya rufaa. Nilikuwa kidato cha tatu, mashindano ya shule za wilaya, tumeshinda nusu fainali. Jioni ile wakaletwa wachezaji wetu mmoja mmoja mbele ya meza, kuna taa ya chemli, kuna faili la picha za pasipoti zimebandikwa kwa gundi. Mwalimu anashika picha, anamtazama mtu usoni, anarudi kwenye picha. Kiungo wetu picha yake ilikuwa imebanduka. Imebanduka tu, gundi imekauka. Wakamwondoa, na sisi tukaondolewa. Yule kijana alikaa kwenye ngazi za bweni na njumu mkononi mpaka usiku, hakuna aliyejua amwambie nini.

REHEMA: Pole, kaka.

SAIDI: Asante. Ndiyo maana nikiwasoma Howard namwona yule.

REHEMA: Wao walikwenda mahakamani, au siyo?

SAIDI: Walikwenda. Na Desemba 1973 mahakama ya shirikisho pale Washington ikasema kanuni ya wageni inakiuka katiba. Hizo nyingine mbili ikaziacha. NCAA na Howard wote wakakata rufaa, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikasema vilevile.

REHEMA: Katikati ya hapo ndipo unapoingia msimu wa 1974.

SAIDI: Ndipo hapo. Hebu waone wanavyoanza: mwaka uliopita walifungiwa, kombe limechukuliwa, kila mahali wanapokwenda kucheza kuna watu wanawaona matapeli. Nahodha ni Ian Bain, Mtrinidad. Wakaanza kushinda. Wakashinda tena. Mechi zote za msimu mpaka fainali, hakuna hata sare. Kwenye fainali anawasubiri nani?

REHEMA: Usiniambie ni Saint Louis.

SAIDI: Saint Louis. Mabingwa watetezi, wamebeba 1972 na 1973, sasa wana 10. Na fainali inachezwa mjini Saint Louis, Busch Stadium, mwezi wa Desemba. Ule ni uwanja wa besiboli, umetandikwa nyasi bandia, zile za zamani zilizokuwa kama zulia jembamba juu ya sakafu. Ukiteleza unachunika goti lote. Mpira ukidunda haukai. Na jukwaani ni watu wa nyumbani kwa wapinzani.

REHEMA: Mimi hapo ningekuwa nimeshafunga tasbihi mkononi.

SAIDI: Dakika 90 zimekwisha, 1-1. Wanaongezewa muda, hakuna goli. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu, hakuna. Unajua miguu inavyokuwa saa hiyo, mtu akipiga pasi ya mita 10 anaiona kama mlima. Mara ya nne, Kenneth Ilodigwe, Mnigeria, akafunga. 2-1.

REHEMA: Subhanallah. Nyongeza ya nne!

SAIDI: Nyongeza ya nne, nyumbani kwao. Na safari hii hakuna aliyewafuata na faili.

REHEMA: Ila kaka, nikuulize kitu. Wale wa 1971, akina Keith Aqui, wengine walishamaliza chuo, hawakuwepo kwenye fainali ya 1974. Wao wamerudishiwa nini?

SAIDI: Hawajarudishiwa. Kwenye orodha ya mabingwa wa NCAA, 1970 utaona Saint Louis, 1972 Saint Louis. Hapo katikati, 1971, panasomeka kwamba ubingwa umefutwa.

REHEMA: Hawakumpa hata Saint Louis?

SAIDI: Hawakumpa mtu. Pameachwa hivyohivyo.

REHEMA: Basi mimi ninayesikiliza leo, na wewe uliyenisimulia, tunajua ilikuwa 3-2. Msikilizaji, kama nawe timu yako ilishawahi kutolewa mezani, tutumie sauti yako, tutaisikiliza wiki ijayo. Kaka Saidi, na yule kiungo wenu, siku hizi yuko wapi?

SAIDI: Yupo Tanga. Anafundisha watoto mpira, kila jioni.