Kuyasikiliza maji yaliyo kilomita tatu chini ya miguu

SALUM: Karibuni tena jamani, niko na dada Rehema kama kawaida, na mada ya leo kaileta yeye, kanipigia juzi usiku anasema Salum tuongelee matetemeko, nikamwambia dada watu wataogopa hao, akasema hapana, nataka yale madogo ambayo hakuna binadamu anayeyasikia.

REHEMA: Ndiyo, yale madogo kabisa. Manake ukitaja tetemeko mtu anawaza nyumba kudondoka, kumbe kwenye maeneo ya jotoardhi, pale wanapovuna mvuke wa ardhini kuzalisha umeme, ardhi inatikisika mara kibao, vitetemeko vya magnitudi, yaani kipimo cha ukubwa wa tetemeko, 1, sifuri, hata chini ya sifuri, na hivyo ndo vinatuonesha maji yako wapi huko chini na yanaelekea wapi.

SALUM: Ngoja kwanza, chini ya sifuri inakuwaje?

REHEMA: Sifuri ya kile kipimo haina maana kwamba hakuna kitu. Ni alama tu aliyoiweka Charles Richter mwaka 1935 kulingana na vifaa vya enzi zake, sasa vifaa vya leo vinanasa vidogo zaidi ya pale, ndo unakuta hasi 1 na kuendelea.

SALUM: Sawa. Sasa kwa nini tuhangaike na mitetemo wakati visima vipo? Si unachimba unayaona maji?

REHEMA: Kisima kinakwambia habari za kitundu chake tu kaka. Kisima kimoja cha kilomita mbili au tatu ni mamilioni ya dola, huwezi kutoboa kila mahali, na chini kule maji hayajakaa kama ziwa, yamejificha kwenye nyufa za mwamba, ufa huu una maji, wa jirani mkavu. Sasa ukipampu maji kwa presha yanaingia kwenye ufa, ule ufa ulikuwa umebanwa pande zote mbili, yale maji yanausukuma kutoka ndani, kule kubana kunapungua, mwamba unateleza, labda milimita moja tu au chini ya hapo, kooh, tetemeko dogo. Na kwenye mwamba wa moto sana kuna la ziada, maji ya baridi yakiugusa unasinyaa, ukisinyaa unapasuka hata kama presha si kubwa.

SALUM: Kwa hiyo kila mlio ni maji yanakwambia nimefika hapa.

REHEMA: Mengi yake ndiyo. Ukiweka sensa, vile vifaa vya kunasa mitetemo, kuzunguka eneo, kumi, ishirini, kila mlio unaupatia mahali na kina chake, unachora nukta kwenye kompyuta, siku ya kwanza nukta zimejazana jirani na kisima, baada ya siku chache wingu la nukta linatanuka kufuata presha inavyosambaa.

SALUM: Hapo kwenye kupata mahali ndo naomba unishike mkono taratibu, manake wasikilizaji wengi wanadhani sensa inaelekeza kidole.

REHEMA: Haielekezi. Angalia mstari mmoja wa sensa moja. Mstari umetulia, mara unaruka kidogo, hilo ni wimbi la P, lenyewe linabana na kuachia kama sauti, ndo lenye mbio. Halafu kidogo tena mstari unaruka kwa nguvu zaidi, hilo ni wimbi la S, linatikisa mwamba kwa pembeni, linachelewa. Pengo kati ya miruko hiyo miwili ndo dhahabu yetu. Kwenye mwamba wa kawaida pengo la nusu sekunde ni kama kilomita tatu na nusu hivi kutoka kwenye sensa. Sensa moja inakupa umbali tu, ukiwa na nyingi umbali zinakutana sehemu moja, hapo ndo tetemeko lilipo.

SALUM: Aisee. Na maji yenyewe yanaingiaje kwenye mawimbi?

REHEMA: Hapa ndo napapenda! Wimbi la S haliwezi kupita ndani ya kimiminika, maji hayana ugumu wa kukataa kupindwa. Likipita kwenye mwamba wenye vinyufa linasafiri kupitia mwamba wenyewe, maji yawepo yasiwepo halibadiliki sana. Ila P linabana, na maji yanagoma kubanwa, mvuke haugomi. Kwa hiyo vinyufa vikiwa na maji P linakwenda vizuri, maji yakigeuka mvuke P linapungua mwendo wakati S iko palepale. Ukigawa mwendo wa P kwa wa S unapata namba, kwenye mwamba wa kawaida ni kama 1.73. Ikishuka chini ya hapo unashuku mvuke, ikipanda unashuku maji.

SALUM: Na hilo limeshaonekana kweli, au ni la darasani?

REHEMA: Limeonekana The Geysers kule California, Marekani, eneo kubwa kuliko yote duniani la umeme wa jotoardhi. Wameanza kuzalisha 1960, wakavuta mvuke weee mpaka mwishoni mwa miaka ya 80 presha ikaanza kushuka vibaya. Miaka ya 90 watafiti wakalinganisha ile namba mwaka kwa mwaka, ikawa inashuka pale pale wanapovuta, yaani waliona hifadhi ya mvuke huko chini inakauka kwa kutumia vitetemeko vyake yenyewe.

SALUM: Wakafanyaje?

REHEMA: Wakarudisha maji. Mwaka 1997 wakaanza kuleta maji taka yaliyosafishwa kwa bomba, 2003 likaongezeka bomba jingine kutoka mji wa Santa Rosa, mvuke ukapata nguvu, na vitetemeko navyo vikaongezeka chini ya visima vya kuingizia maji. Vingi ni vidogo, ila Desemba 2016 lilipiga la 5.0, hilo watu wa karibu walilisikia vizuri tu, na wana haki ya kulalamika.

SALUM: Sasa hapo si ndo kwenye hatari yenyewe dada. Ule mradi wa jotoardhi wa Basel ulikuwaje?

REHEMA: Basel, Uswisi, Desemba 2006. Kisima cha kilomita 5, chini ya mji kabisa. Wakapampu siku kama sita, mitetemo ikawa inakua, wakasimamisha pampu. Masaa machache baadaye likapiga la 3.4, mji mzima ukashtuka, na mradi ukafa.

SALUM: Baada ya kusimamisha?

REHEMA: Baada ya kusimamisha. Watu wengi hapa panawachanganya, wanadhani pampu ni kama swichi ya taa. Presha ukishaiingiza haitoki siku hiyo hiyo, inaendelea kutambaa kwenye nyufa, kama ikikuta ufa mkubwa uliokuwa unangoja, basi. Pohang, Korea Kusini, kwenye mradi mwingine wa jotoardhi, walimaliza kupampu Septemba 2017, tetemeko la 5.5 likaja tarehe 15 Novemba, karibu miezi miwili baadaye, likaumiza watu na kubomoa majengo.

SALUM: Miezi miwili! Na hakukuwa na dalili?

REHEMA: Hilo ndo linaloniuma mimi. Aprili mwaka ule ule lilishapiga la 3.2. Na wataalamu walipokuja kurudia hesabu za vile vitetemeko vidogo, kuvipanga mahali pake vizuri, nukta hazikuwa wingu tena, zilikaa kwenye bapa moja lililonyooka, yaani ufa mkubwa ulikuwa umejichora wenyewe. Ripoti ilitoka 2019 ikasema wazi kwamba chanzo ni kupampu.

SALUM: Kwa hiyo data ilikuwepo, ila haijasomwa hivyo kwa wakati.

REHEMA: Ndiyo. Utaratibu wa taa za barabarani wanaoutumia, kijani endelea, njano punguza, nyekundu simama, unaangalia ukubwa wa tetemeko lililopita. Mi naona hautoshi. Mtu aangalie umbo la nukta kila siku, na siku nukta zenyewe zikianza kujipanga kwenye mstari asingoje taa yoyote.

SALUM: Na kama siku hiyo ardhi imetulia tu, hakuna vitetemeko, unakuwa kipofu?

REHEMA: Hapana, bahari inatusaidia. Mawimbi ya bahari yanatikisa ardhi muda wote, mtikisiko hafifu mno, unafika mpaka katikati ya bara. Ukichukua kelele hiyo kwenye sensa mbili ukailinganisha kwa wiki nyingi, unapata muda wa wimbi kutoka sensa hii kwenda ile, ukibadilika hata kwa sehemu ya asilimia moja unajua chini kuna kitu kimehama. Na siku hizi kuna kebo ya faiba, kama ya intaneti ile ile, unaishusha kisimani, unapiga laza ndani yake, kila mita chache za ile kebo zinakuwa sensa, kule Utah, Marekani, kwenye mradi wa utafiti wa jotoardhi unaoitwa FORGE wameshafanya hivyo.

SALUM: Kwa nini kisimani na si juu tu?

REHEMA: Juu kuna malori, upepo, mizizi ya miti inavuta udongo. Mlio wa hasi 1 haufiki juu ukiwa mzima, ukishuka mita mia mbili tatu kunakuwa kimya, unausikia.