Uso Upi? Kipande Kinapochorwa Ndani ya Asembli

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga masomo manne kuhusu kuchora kwa kompyuta kipande cha mashine kikiwa ndani ya asembli, yaani ndani ya mkusanyo wa vipande vilivyounganishwa: unakichora huku vipande jirani vikiwa mbele ya macho yako na vipimo vyake vikitoka kwa majirani hao. Lakini dada Mwanaidi ameingia studio na bamba la alumini mkononi, na kwa jinsi alivyoliweka mezani naona tuanze nalo.

MWANAIDI: Ahsante, kaka Baraka. Hili ni bamba la kushikilia mota, lenye unene wa milimita 6. Yako mengine mawili kama hili karakana. Yote matatu yamekatwa vizuri na hakuna hata moja linalofaa. Nililichora ndani ya asembli, mota ikiwa imekwisha kukaa mahali pake kwenye fremu. Nilichagua uso wa mbele wa mota, nikanakili kingo za matundu yake manne, ambayo kwa mota za NEMA 23, ukubwa sanifu wa uso wa mota, huachana kwa milimita 47.14, pamoja na ule mviringo wa kati wenye kipenyo cha milimita 38.1. Kisha nikaupima ukingo wa bamba kutoka ubavu wa mota, na matundu ya kufungia kwenye fremu nikayapima kutoka ukingo huo.

BARAKA: Na wiki hii kikabadilika nini?

MWANAIDI: Muuzaji alituletea faili jipya la mota ileile. Nililiondoa la zamani, nikaliweka jipya mahali pake, programu ikajijenga upya bila onyo lolote, nami nikatoa michoro ya kukatia. Fundi alifunga bamba kwenye fremu, akafunga mota kwenye bamba, halafu mkanda wa meno ukakataa kuvaa puli. Tulipopima, mota ilikuwa imesogea milimita 3 mbali kuliko tulivyokusudia.

BARAKA: Milimita 3 haziwezi kumezwa na nafasi ya tundu. Boliti ya M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6, kwenye tundu la kawaida la milimita 6.6, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 273, inacheza milimita 0.6 tu.

MWANAIDI: Haziwezi. Nilipofungua orodha ya hatua za kuchora bamba nilikuta kipimo kikiwa kilekile nilichoandika, milimita 12 kutoka ubavu wa mota. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni ubavu wenyewe, kwa sababu programu sasa ilikuwa inapima kutoka kwenye uso wa kifuniko cha soketi ya nyaya, ambacho katika faili jipya kimetokeza kwa milimita 3. Tangu siku hiyo kila ninapobofya uso wa kipande jirani najiuliza: uso upi?

BARAKA: Hapo tumekwisha kuligusa somo la kwanza, nalo ni kwamba kipande kilichochorwa ndani ya asembli hakichukui vipimo tu, bali kinaendelea kumtegemea jirani yake. Jirani akihama, nacho kinahama. Somo la pili...

MWANAIDI: Kaka, kabla ya somo la pili naomba tulimalize swali hili, maana sioni jinsi ya kumfundisha mtu kunakili ukingo wa jirani kabla hajajua kompyuta inautambuaje ukingo huo. Wewe na mimi tukitazama mota tunaona ubavu wa kushoto. Kompyuta haijui kushoto wala ubavu. Uso uliochorwa ndani ya programu yenyewe una nasaba: umezaliwa na mstari fulani wa mchoro fulani, mstari huo ulipovutwa kuwa umbo lenye ujazo. Maadamu mstari huo upo, programu inaweza kuufuata uso hata ukirefuka au ukihama. Lakini mota yangu ilikuja kama faili la STEP, aina ya faili la kubadilishana maumbo kati ya programu tofauti.

BARAKA: Ambalo halibebi nasaba.

MWANAIDI: Linabeba umbo pekee. Nilichukua mafaili yote mawili nikayafungua kwa programu ya kuandikia matini ya kawaida, kwa sababu STEP ni maandishi matupu yanayosomeka. Karibu kila mstari wa data unaanza kwa alama ya reli (#) na namba. Namba moja ni nukta, nyingine ni ukingo, nyingine ni uso. Namba hizo hazina maana nje ya faili lile. Faili likitolewa upya baada ya mtu kuongeza mkunjo mmoja kwenye kifuniko, namba zote zinaweza kupangwa upya. Nilitafuta ubavu wangu katika faili la zamani nikaupata. Nilipotazama penye namba ileile katika faili jipya, hapakuwa hata na uso.

BARAKA: Basi programu ilikisia.

MWANAIDI: Ilitafuta uso unaofanana zaidi na ule iliokuwa inaukumbuka, ikauokota wa kifuniko, kwa kuwa nao ni bapa, umeelekea upande uleule, na uko karibu mno na ulipokuwa ule wa kwanza. Kwa hesabu yake ilichagua vizuri. Wanaotumia programu ya kuchorea ya FreeCAD wanalijua tatizo hili kwa undani, kwa sababu miaka mingi nyuso zilipewa majina kwa mpangilio wa hesabu, na kuongeza tundu dogo kuliweza kuufanya uso wa 6 uwe wa 7, na kila kilichoshikamana nao kikarukia kwingine. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 lilileta marekebisho makubwa ya jambo hilo.

BARAKA: Lakini hakuna programu iliyopona kabisa, kwa sababu hata nasaba hukatika. Ukiufuta mstari uliozaa uso na kuchora mwingine palepale, machoni pako hakuna kilichobadilika, ilhali kwa programu yule mzazi amekufa. Nimewahi kuwaona wachoraji wakifuta mchoro mzima na kuuanza upya kwa nia ya kuusafisha tu, na vipande vyote vilivyoutegemea vikapoteza mahali pa kushika.

MWANAIDI: Na hali hiyo ni afadhali kuliko yangu! Rejeo, yaani huo uzi wa kumtegemea jirani, likikatika kwa kelele unajua pa kutafuta. Langu lilihamia kwa jirani kimyakimya.

BARAKA: Nimekusikiliza, dada, na sasa niseme ninaloliamini. Bamba lilipokuwa linakwenda karakana, marejeo yake yote ya nje yalipaswa kuwa yamekatwa. Unachora ndani ya asembli ili kupata umbo, na umbo likishapatikana unaandika vipimo vyake ndani ya kipande chenyewe na kuvunja kila uzi unaokifunga na majirani. Kipande kinachokwenda kukatwa kisimame kwa miguu yake.

MWANAIDI: Sikubaliani. Ukivunja rejeo unavunja sababu ya kipimo. Mwakani mota ikibadilishwa kweli, matundu yakawa na nafasi nyingine, bamba lako litabaki na 47.14 na hakuna atakayekumbuka kwamba namba hiyo ilitoka kwenye mota. Kosa langu halikuwa kuacha uzi. Kosa langu lilikuwa kuufunga pabaya. Ningetengeneza kipande cha kiunzi, kisicho na ujazo, chenye mchoro mmoja tu: mhimili wa mota, mhimili wa puli ya pili, mraba wa matundu niliouandika mwenyewe kutoka kwenye jedwali la mtengenezaji. Bamba lingekifuata kiunzi, na mota nayo ingewekwa kwa kufuata kiunzi. Faili jipya la mota lingekuja na kuondoka bila kuligusa bamba.

BARAKA: Kiunzi ni kizuri, nami nakitumia. Lakini kiunzi nacho ni jirani. Mtu akikifungua na kuusogeza mhimili kwa ajili ya mashine nyingine inayotumia bamba lilelile, mabamba ambayo yamekwisha kukatwa hayatalingana tena na mchoro wake, na hutajua mpaka siku ya kuagiza ya akiba.

MWANAIDI: Hilo linazuiwa kwa kuyatunza matoleo, halizuiwi kwa kukata. Pia kuna njia ya katikati. Katika programu ya SolidWorks unaweza kulifunga rejeo kama kwa kufuli bila kulivunja: ule mshale ulio kando ya jina la hatua, unaoonyesha kwamba hatua hiyo inategemea kipande cha nje, unaongezewa nyota, kipande hakijengwi upya kwa kumfuata jirani, na siku ukitaka unakifungua. Ukilivunja, mshale unawekewa alama ya eksi. Onshape nayo inahifadhi sura ya asembli ilivyokuwa siku ile ulipochora, na haiisasishi mpaka uiambie.

BARAKA: Kinachofungika hufunguka, dada. Nimeona kipande kilichofungwa kikifunguliwa na mtu mwenye haraka aliyetaka kubadilisha tundu moja. Msimamo wangu ni kuvunja, na sababu ya kipimo iandikwe kwa maneno kwenye mchoro, ili aisome hata asiyekuwa na asembli.

MWANAIDI: Maneno kwenye mchoro hayaisogezi mota, kaka. Mimi siwezi kukubali kubuni mashine ambayo kila kipande chake kimesahau kilikotoka.

BARAKA: Nami siwezi kukubali kupeleka karakana kipande ambacho bado kinaweza kugeuka usiku wakati mimi nimelala. Tumezunguka hapa mara tatu sasa, na mtayarishaji ananionyesha kwamba zimebaki dakika mbili. Masomo yenyewe yameishia kwenye la kwanza. La pili lilihusu marejeo ya mduara, pale bamba linapoifuata mota na mota ikalifuata bamba, hivyo kila ukijenga upya vipimo vinasogea tena. La tatu na la nne sitayataja, maana kila moja linahitaji kipindi chake.

MWANAIDI: Hata hilo la pili lina swali lilelile ndani yake.

BARAKA: Uso upi. Nalijua. Dada, bamba la nne linakatwa lini?

MWANAIDI: Kesho asubuhi. Nimejenga kiunzi jana usiku, nikaandika vipimo vya mota mwenyewe, na nimekagua mgongano wa vipande vyote baada ya kujenga upya, jambo ambalo kwa yale mabamba matatu sikulifanya.

BARAKA: Na ukifungua orodha ya hatua sasa hivi, mshale upo?

MWANAIDI: Upo.

BARAKA: Hauna nyota wala eksi?

MWANAIDI: Hauna.