Dirisha la Sashi: Kamba, Uzito na Rangi Iliyozidi

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kufika na baridi hii.

Wengi wenu hapa London mnaishi kwenye nyumba za matofali za karne ya 19, zile zilizoungana mtaa mzima, na dirisha la sebuleni ni lile la kupandisha na kushusha. Ukilisukuma haliendi. Siku likikubali kupanda, ukiliachia linashuka lenyewe kama panga. Basi mnalitegea kitabu, mwaka unapita, mwisho anakuja mtu wa kuuza madirisha ya plastiki anawaambia hili limekufa. Mara nyingi halijafa. Kilichokatika ni kamba ya bei ndogo, au limegandishwa na rangi.

Lenyewe ni mizani tu. Lina vipande viwili vya mbao na kioo, cha juu na cha chini, na kila kimoja tukiite sashi. Kila sashi inaning'inia kwa kamba mbili, kushoto na kulia. Aliyewahi kuona tanga la jahazi likipandishwa ataelewa haraka: kamba inapita juu ya kapi, yaani kigurudumu chenye mfereji, lakini upande wa pili hapana baharia anayevuta, pana chuma kirefu mfano wa mchi kinachoning'inia ndani ya sanduku la mbao ubavuni mwa fremu. Sashi ikipanda, chuma kinashuka. Ndani ya sanduku mna vyuma viwili, na katikati yao kibao chembamba kinachoning'inia ili visigongane. Cha upande wa barabarani ni cha sashi ya juu. Cha upande wa chumbani ni cha sashi ya chini. Mkivibadilisha, mizani inaharibika.

Masanduku hayo hamyaoni kutoka nje, na kuna sababu. Sheria ya ujenzi ya London ya mwaka 1709 iliamuru fremu zirudishwe ndani ya ukuta kiasi cha inchi 4, kwa hofu ya moto kuruka kutoka nyumba hadi nyumba. Ile ya 1774 ikataka sanduku lifichwe nyuma ya matofali. Ndiyo maana sanduku halichomoki bila kubomoa, lakini kila kitu kilichomo ndani yake kinatoka kwa mikono. Hata zile pembe ndogo mnazoziona chini ya sashi ya juu si urembo mtupu. Ushuru wa kioo ulipofutwa mwaka 1845, watu wakaanza kuweka vioo vikubwa na vizito, na maungio ya mbao yakahitaji nyama zaidi ya kushikilia.

Sasa kamba. Nimeleta mbili mzione. Hii mpya ni ya pamba iliyotiwa nta, unene wa milimita 6. Hii ya zamani, tazameni hapa inapopinda kwenye kapi: imekuwa ngumu kama ukuni, nyuzi za nje zimekatika, ndani imebaki kama unga. Aliyeipaka rangi ndiye aliyeimaliza. Rangi inakauka, kamba inakosa kupinda, inavunjika badala ya kuchakaa. Kamba haipakwi rangi kamwe, wala kapi.

Kubadilisha ni kazi ya watu wawili, kwa sababu sashi ni nzito na ina kioo. Kwanza kata rangi kwa kisu chembamba kwenye mstari kati ya fremu na ule ufito wa ndani, unaoizuia sashi ya chini isiangukie chumbani. Ingiza patasi pana katikati ya ufito, si mwishoni. Katikati ndipo unapopinda na kuachia bila kupasuka. Ufito ukishatoka, vuta sashi ya chini kuelekea chumbani. Kama kamba moja bado nzima, mwenzako aishike kabla hujaikata, kisha aishushe taratibu. Ikiponyoka, chuma kinaanguka ndani ya sanduku kwa kishindo na kinaweza kupasua kibao cha chini.

Baada ya hapo chomoa ufito wa kati, ule mwembamba unaotenganisha njia za sashi mbili. Huo huvunjika mara nyingi, kwa hiyo nunua mpya mapema na msisikitike. Chini kidogo kwenye ubao wa ubavuni mtaona alama ya kibao kilichokatwa na kurudishwa, pengine kimefunikwa na rangi. Huo ndio mlango wa sanduku. Ufungueni, toeni vyuma, mviandike kwa chaki: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia.

Kupitisha kamba mpya kuna ujanja wa zamani. Mafundi wa Kiingereza wanauita panya: kipande kidogo cha risasi (ile metali laini na nzito, si ya bunduki) au msumari uliopindwa, kimefungwa kwenye uzi mwembamba. Unamtumbukiza panya juu ya kapi, anashuka ndani ya sanduku, unamdaka mlangoni, kisha uzi unavuta kamba. Kamba inafungwa kwenye chuma kwa fundo la namba nane. Kabla ya kuikata ivuteni kwa nguvu, maana pamba mpya hunyooka.

Urefu ndipo wengi wanapokosea. Kwa sashi ya chini, ikiwa imefungwa kabisa, chuma kiwe sentimita 5 hivi chini ya kapi. Kamba ikiwa fupi zaidi, chuma kinagonga kapi na dirisha halifungi. Kwa sashi ya juu mambo yanageuka: ikiwa imefungwa, chuma kiwe sentimita 5 juu ya sakafu ya sanduku. Kamba ikiwa ndefu, chuma kinakaa chini, kamba inalegea, na sashi inateremka peke yake.

Halafu misumari. Kamba inalala kwenye mfereji ubavuni mwa sashi, imeshikwa kwa misumari mitatu au minne yenye kichwa kipana, ya milimita 25. Pima kutoka juu ya fremu hadi katikati ya kapi. Kipimo hichohicho weka alama kwenye sashi, ukianzia juu yake. Juu ya alama hiyo usipige msumari hata mmoja. Ukipiga, sashi ikipanda msumari unakutana na kapi na dirisha linagoma kabla ya kufika mwisho, nawe utadhani mbao zimevimba.

Kabla ya kurudisha, pimeni sashi kwenye mizani ya bafuni, pamoja na kioo na rangi yake. Tuseme ina kilo 12. Kwa sashi ya chini vyuma viwili viwe pungufu kidogo, kilo 11.5 kwa jumla, ili ikae chini ilipofungwa. Kwa sashi ya juu vizidi kidogo, kilo 12.5, ili ibaki juu. Hiyo nusu kilo tu ndiyo inayofanya dirisha litulie.

Hapa ndipo pia panapoharibika mtu anapoweka vioo viwili viwili kwa ajili ya joto. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Sashi yenye kioo cha sentimita 90 kwa 80, unene milimita 3, ina kilo 5.4 za kioo. Ukiweka viwili vya milimita 4, unapata kilo 14.4. Umeongeza kilo 9, na vyuma vya zamani haviwezi kuzibeba. Itabidi vya risasi, kwa sababu risasi ni nzito zaidi ya mara moja na nusu ya chuma kwa nafasi ileile, na sanduku haliongezeki ukubwa.

Dirisha lililogandishwa kwa rangi lisichokonolewe kwa bisibisi kutoka chini, mtaung'oa mti wa chini wa sashi. Kateni mstari wa rangi pande zote, ndani na nje, kisha wekeni kipande cha ubao kwenye fremu ya sashi na mgonge kwa nyundo kidogo kidogo, mkizunguka. Likishaachia, kwangueni njia zake na mzisugue kwa mshumaa mkavu. Ila tahadhari: rangi za zamani kwenye nyumba hizi mara nyingi zina risasi. Msisugue kwa msasa mkavu. Lowesheni, vaeni barakoa, na watoto na wajawazito wawe chumba kingine.

Adui wa pili ni maji. Yanaingia kwanza kwenye puti, ule ute mgumu unaoshikilia kioo kwenye mbao, ikishapasuka chini ya kioo, yanakaa kwenye mti wa chini, na baada ya hapo kwenye kizingiti. Chomeni hapo kwa bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo uliooza, mbao imekwisha. Fundi mzuri hakati sashi nzima kwa ajili ya sentimita 15 zilizooza; anakata hadi afike mbao nzima, anaunga kipande kipya kwa gundi. Puti ya mafuta ya kitani iachwe wiki moja au mbili ishike ngozi kabla ya rangi, na rangi ipande milimita 2 juu ya kioo. Hizo milimita 2 ndizo zinazozuia maji yasipenye kati ya puti na kioo, na ndizo mtu nadhifu anazozikwangua kwa wembe.

Upepo unaopenya unazuiwa kwa brashi nyembamba zinazochongewa mfereji ndani ya fito mpya. Kelele za barabarani ni jambo jingine: zinahitaji dirisha la pili upande wa ndani, likiwa mbali na la kwanza sentimita 10 au zaidi. Na nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, ombeni kibali kwa halmashauri kabla ya kubadilisha dirisha. Mpangaji naye aanze na mwenye nyumba, kwa maandishi.

Dada pale nyuma ameuliza kama anaweza kupuliza povu la kuziba ndani ya sanduku, maana baridi inatokea kwenye matundu ya kapi. Hapana, dada yangu. Povu linavimba, linakikumbatia chuma, na chuma kikishakumbatiwa hakitembei. Tutalitoa kwa patasi, kipande kwa kipande, kupitia kile kimlango kidogo cha chini. Kwenye matundu ya kapi weka vifuniko vyenye brashi. Kwa nyuma ya sanduku, linapokutana na ukuta, ziba kwa nje.