Daftari la Wanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mnaosomea utumishi. Ngoja niseme jambo moja mapema, asije mtu akanikatiza katikati kama mwaka juzi. Mimi sikupunguzwa. Siku panga la kupunguza wafanyakazi lilipopita kiwandani kwetu, mimi nilikuwa karani wa utumishi, na barua zile nilizitengeneza mwenyewe. Tulizipiga saiklostaili. Neno "Ndugu" lilikuwa tayari limechapwa, mbele yake pameachwa nafasi, na mimi najaza jina kwa kalamu. Kwa hiyo anayetaka kunichukia leo aanze sasa, tusipotezeane muda. (Kicheko)

Kiwanda chenyewe cha nguo sitakitaja. Dar es Salaam hii ilikuwa na Urafiki, ilikuwa na Kiltex, ilikuwa na Sunguratex, na vingine. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma kulikuwa na Mutex. Chagueni mnachotaka, hadithi itakaa tu. Na habari za Azimio la Arusha, mashirika ya umma na PSRC, ile tume ya kuyabinafsisha, mnazijua, sina haja ya kuwarudisha darasani. Niende moja kwa moja kwenye orodha.

Kwa sababu kila mtu husimulia siku ya barua. Vilio getini, mama aliyeanguka, yule aliyecheka mpaka tukaogopa. Hakuna anayeuliza orodha ilipangwaje. Mimi nawaambia ilipangwaje, maana niliipanga. Niliitwa ofisini saa tisa alasiri, nikaambiwa: chukua majina yote, yapange kwa mshahara, mkubwa juu, halafu hesabu kutoka juu kushuka chini mpaka fedha inayotakiwa kuokolewa itimie. Basi. Kazi ya rula na kalamu nyekundu. Kabla ya saa kumi na moja nilikuwa nimemaliza, nikawahi basi.

Sasa, kwenye kiwanda cha nguo, nani ana mshahara mkubwa kuliko wafanyakazi wenzake wa mashine? Aliyekaa sana. Na aliyekaa sana ndiye nani? Subirini.

Tulikuwa na idara ya wanga. Msicheke. Ndiyo, sisi wenyewe tulikuwa tunacheka. Mtu akipelekwa huko, mkewe akiulizwa na majirani mume wako yuko idara gani, anasema stoo. Hawezi kusema mume wangu yuko na wanga, usiku akirudi na nguo nyeupe vumbi! Lakini wanga huu ulikuwa wa muhogo, au wa mahindi ukikosekana wa muhogo, unapikwa uji kwenye pipa kubwa la mvuke. Nguo mnajua ina mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi zile za urefu, zinazotandikwa kwanza, na mshindio unapita katikati yake kwenda na kurudi. Uzi wa mtande unasuguliwa kwenye mtambo kila mshindio unapopita, dakika baada ya dakika. Ukiupeleka mkavu, mtupu, unaota manyoya na kukatika. Kwa hiyo kabla ya kufumwa unapitishwa kwenye uji wa wanga, unakamuliwa na rola mbili, unakaushwa kwenye mapipa ya moto, ndipo unakwenda kwa wafumaji. Wanga ukiwa mzito mno, uzi unakuwa kama waya, unavunjika. Ukiwa mwepesi, ni kama hukufanya kitu. Na uzi mmoja ukikatika, mtambo mzima unasimama, mama aliyepo pale anainama kuunga, na mita zinapotea.

Mkuu wa shughuli hiyo alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Babu. Alikuwa na darasa la nne la enzi za mkoloni. Kupima kwake uji: anachovya kijiti cha mwanzi, anakiinua, anatazama tone linavyokatika. Halafu anachukua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, anafungua na kufunga, fungua, funga, mara nne tano, huku anatazama pembeni kama mtu anayesikiliza redio. Kisha anasema "debe moja la maji" au "wacha uchemke". Kipimajoto kilikuwepo ukutani, kimevunjika tangu siku nyingi. Kununua kingine kulihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni mnakumbuka zilivyokuwa.

Na Babu alikuwa na kaunta buku. Lenye jalada gumu, jekundu, kona zimeliwa. Kila lori la wanga likija, kabla halijaguswa, alikuwa anachemsha sufuria ndogo ya majaribio, anaandika. "Lori la Jumanne. Mweupe mno, wa haraka kuganda. Robo saa zaidi." "Masika. Punguza maji debe." "Huu una mchanga. Chuja mara mbili." Miaka kumi na minne ya mambo hayo, kwa penseli.

Jina lake lilikuwa la sita kwenye orodha yangu.

Siku anaondoka, mlinzi wa getini akampekua kama alivyoamriwa, akakuta kaunta buku kwenye kikapu. Hiki nini? Daftari langu la kazi. La kazi? Basi mali ya kampuni. Likabaki getini. Babu hakubishana, akaenda zake.

Kama wiki ya tatu hivi, chumba cha kufumia kikaanza kunyamaza. Ninyi vijana hamjui maana ya kunyamaza kule. Mitambo ilikuwa inapiga kelele mpaka watu waliongea kwa kusomana midomo na kwa ishara za mikono. Hadi leo wafumaji wa zamani wakikutana msibani utawaona wamekaa safu mbili tofauti wanasengenyana bila kutoa sauti, na mashekhe hawana la kuwafanya. Sasa kelele ile ikaanza kuwa na mapengo. Huku mitambo minne imesimama, kule sita. Kina mama wanaunga nyuzi kutwa nzima, wanasogea hatua moja, unakatika mwingine. Shuka zinatoka na mistari, zinapelekwa chumba cha rijekti, chumba kikajaa, zikawekwa kwenye korido. Fomeni anamlaumu msokotaji, msokotaji anailaumu pamba, mnunuzi wa pamba anamlaumu mkulima wa Shinyanga ambaye hata habari hana. Kikao juu ya kikao. Nakala za kumbukumbu za vikao vile nilizichapa mimi. Katika kurasa zote hizo neno "wanga" halimo.

Siku ya kumi hivi ya mapengo hayo kuna mama mmoja mfumaji akaja ofisini kwangu, akaweka kipande cha uzi mezani, akasema: "Karani, huu haujapikwa." Hiyo tu, akatoka.

Gari likatumwa kumfuata Babu. Alikuwa anauza mkaa. Wakakubaliana aje kama kibarua, malipo ya kutwa, bila barua. Gari linafika getini, mlinzi anatoka na kitabu chake kuandika namba, saa ya kuingia, na abiria. Kitabu chenyewe kina jalada jekundu, kona zimeliwa! Kijana wa watu alipewa kazi ya kuandikisha magari bila kupewa daftari, akaona hili hapa halina kazi, akaligeuza nyuma mbele, akaanza. Kurasa za mwisho zilipokwisha akaendelea tu, juu ya maandishi ya penseli. Babu akatoa kichwa dirishani, akatazama, akasema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole: "Mwanangu, unaegesha malori juu ya uji wangu."

(Kicheko, makofi)

Mnacheka. Mimi siku ile nilikuwa kiti cha mbele cha gari lile, na sikucheka.

Alifanya kazi siku nne. Siku ya kwanza alichemsha sufuria yake ndogo, akasema muuzaji wa wanga amebadilishwa, huu ni mwingine kabisa, unataka muda mrefu zaidi na maji kidogo. Ni kweli, ofisi ya manunuzi ilikuwa imepata wa bei nafuu. Siku ya pili mitambo ikaanza kupiga kelele yake. Siku ya tatu na ya nne alimfundisha kijana. Akalipwa kutwa nne. Nikamfuata na lile kaunta buku, nikamwambia Babu chukua lako. Akakataa. "Hilo mali ya kampuni, mlisema wenyewe." Nikalitoa getini bila kibali, ndiyo, niandikieni hilo, na ninalo mpaka leo. Yule kijana aliyefundishwa mwaka uliofuata akapata kazi kwingine, akaondoka na alichokijua.

Sasa najua kuna mtu huko nyuma anasema: mzee, hayo ya kijiti na vidole yamepitwa, mashine za leo zinapima zenyewe. Sawa. Zinapima kile zilichoambiwa zipime. Aliyeziambia ni nani, na yuko wapi, na mkimpunguza yeye? Nenda benki yoyote uulize ni nani anayejua yale ya hesabu ya mwisho wa mwezi ambayo hayakuandikwa popote. Utaelekezwa kwa mama mmoja, na mama huyo ana mshahara mkubwa, na mwenye rula na kalamu nyekundu yuko njiani.

Mwingine anasema kiwanda kilikuwa kinakufa hata hivyo. Mitumba imeingia, vitenge vya nje vimeingia, umeme wa mgao, mitambo chakavu. Kweli tupu, sibishi. Wala sikuja hapa kusema watu wasipunguzwe kamwe. Jahazi likizidiwa na mawimbi, shehena hutoswa, hilo kila mwana wa pwani analijua. Lakini hutosi tanga kwa sababu ndilo zito!

Haya, sheria. Wakati wetu hatukuwa nayo hii. Leo mnayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema, atoe maelezo yote yanayohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kabla, siyo baada. Ashauriane juu ya nini? Sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza makali, na namna ya kuwachagua watakaoondoka. Namna ya kuwachagua! Ndiyo ile orodha yangu ya saa tisa alasiri. Lakini nimehudhuria mashauriano ya siku hizi, nimealikwa kama mzee wa busara, nikapewa soda. Watu wanabishana juu ya malipo tu, kwa muda wa saa nne, tano. Mezani hakuna hata mmoja anayeuliza: huyu wa sita, anajua nini?

Na malipo yenyewe tazameni. Kiinua mgongo cha kuachishwa, kifungu cha 42: kima cha chini ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, mwisho miaka kumi. Piga hesabu, siku sabini. Aliyefanya miaka kumi, siku sabini. Aliyefanya miaka ishirini na sita, siku sabini, labda mkataba wa pamoja useme zaidi. Sheria inaacha kuhesabu pale pale fundi anapoanza kuwa fundi. Babu kaunta buku lile hakulianza mwaka wa kwanza, alilianza mwaka wa kumi na mbili.

Ninachotaka ni karatasi moja. Nimekiomba kitu hiki tangu nina nywele. Kabla barua haijatiwa saini, kila jina kwenye orodha liwe na karatasi yenye swali moja: mtu huyu anajua nini ambacho hakijaandikwa popote? Asijibu meneja. Waulizwe wenzake anaofanya nao kazi, kama yule mama na kipande chake cha uzi. Na ajibu mwenyewe, akiwa bado analipwa, kwa muda wa kazi, siyo anafunga virago. Mtaniambia mtu anayefukuzwa atakubali vipi kukupa ujuzi wake bure. Hatakubali, na ana haki. Ndiyo maana nasema alipwe kwa hilo, liingie kwenye mashauriano kama fungu lake. Mkiona ni ghali, basi mmeshajua thamani yake, irudieni orodha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima ya kantini, timu ya mpira na bendi ya kiwanda, naiacha, na wenzangu wa bendi mliokuja mnisamehe. Haya mengine haraka. Ukiachishwa, dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria, usiondoke bila hicho. Ukiona umeonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka uende ndani ya siku 30, siyo ukimaliza kulia. Michango yako ya mfuko wa hifadhi iangalie ungali kazini, kila miezi michache, maana wapo wanaokata na hawapeleki. Barua yako ya ajira itunze kuliko cheti cha ndoa: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na wazee wake wa reli na posta walikuwa bado wanadai mafao yao mjini hapa miaka ya 2000. Na waliosafirishwa kuja kazini wana haki yao ya kurudishwa walikoajiriwa, kifungu cha 43, kasomeni.

Kaunta buku nimelileta, liko meza ile ya mlangoni. Wanafunzi mpite mlione, mnawe mikono kwanza, penseli inafutika. Kuanzia nyuma mtakuta namba za magari. Someni zilizo chini yake.