Ukishatoka geti la makao

Asanteni, mniwie radhi sauti imekauka kidogo, nimetoka Nakuru alfajiri. Wengi hapa mnasimamia makao ya watoto kwa hivyo sheria sitawasomea, Sheria ya Watoto ya 2022 mnayo, mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kurudisha watoto kwa familia mnao, na mimi nauunga mkono kabisa. Shida yangu ni yule ambaye ameshakulia ndani, ametimiza 18, amemaliza Form Four na kitanda chake kishapata mtu.

Nilikuwa huyo. Nikapewa godoro, sanduku la shule na nauli. Sasa oneni, kule tulipika kwa zamu na mimi nilikuwa hodari wa sufuria ya watu sitini, lakini ugali wa mtu mmoja sikuwahi kusonga maishani, usiku wa kwanza nikasonga wa kutosha ploti nzima. Sikujua dukani kuna mafuta ya kupima, ya ishirini tu, nikabeba mtungi wa lita tatu na pesa ya wiki ikaishia hapo. Aliyenifundisha ni jirani, mama mboga, sio ile semina ya siku mbili ya stadi za maisha, ingawa cheti chake ninacho.

Hayo lakini mtu anajifunza. Kitambulisho ndio balaa. Chifu anakuuliza baba ni nani, kwenu ni wapi, leta nakala ya kitambulisho cha mzazi, na wewe uliokotwa ukiwa mchanga. Katiba ya 2010 kifungu cha 14 inasema wazi, mtoto akipatikana Kenya, anaonekana hajafika miaka minane na uraia wake na wazazi hawajulikani, huyo anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa, ila jaribu kumsomea mtu hiyo katiba ukiwa kwa foleni peke yako na hata cheti cha kuzaliwa huna. Bila kitambulisho husajili laini, bila laini M-Pesa hakuna, landlodi anakitaka, foremani wa mjengo anakitaka asubuhi getini. Miezi kumi na moja pesa yangu iliingia kwa simu ya rafiki, na kuna wiki hakuona haja ya kuniambia imeingia.

Kwa hivyo hicho cheti cha kuzaliwa kianze kutafutwa mtoto akiwa darasa la nne, sio akiwa ameshika godoro. Faili liko ofisini kwenu, OB ya polisi, ile ripoti ya siku alipookotwa, iko ndani, barua ya korti iko ndani, mpeni nakala zote, ni maisha yake hayo bana.

Uingereza, tangu sheria ya 2017, kijana aliyelelewa na serikali anaweza kuwa na mshauri wake mpaka afike 25. Sisemi tuna pesa hizo. Nasema mtu mmoja tu, anayejulikana kwa jina, wa kupokea simu.

Manake Krismasi yangu ya kwanza nje nilirudi na kilo mbili za sukari. Mlinzi alikuwa mgeni, akaniambia wageni huja na barua ya ofisi. Nikamwambia mimi nililala pale, dirisha la pili. Akasema basi ngoja. Nikangoja mpaka saa kumi, sukari nikamwachia yeye.