Geji Ikisoma Sifuri, Hewa Bado Inasukuma

Walimu wenzangu, Kanuni ya Boyle mnaijua: hewa ikifungiwa, joto lisipobadilika, presha mara ujazo haibadiliki. Sitairudia. Nimekuja na lile lile la siku zote: geji, kile kipimo cha presha chenye mshale.

Chukueni bomba la sindano la mililita 60, mliunganishe na geji ya kawaida. Pistoni ikiwa kwenye 60, geji inasoma sifuri, na mwanafunzi anaandika sifuri. Akisukuma hadi 40, inasoma kilopaskali 50.5, hadi 30, 101, hadi 20, 202. Anazidisha: 0, 2,020, 3,030, 4,040. Halafu tunamtaka aandike kwamba zao, yaani jibu la kuzidisha, halibadiliki, naye anaandika, huku namba zake mwenyewe zinamkana! Tunamzoesha kupuuza alichokiona kwa macho yake.

Geji ile inapima kilichozidi presha ya hewa inayotuzunguka. Hapa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ongezeni 101 kwenye kila kipimo: zao linakuja 6,060 mara zote nne. Lakini msiikaririshe hiyo 101. Mwalimu wa Nairobi akiiongeza atakosea, maana kule juu hewa inasukuma kwa takriban kilopaskali 83.

Najua mtu atasema: mbona nikichora grafu ya presha na moja gawanya kwa ujazo, mstari unanyooka hata bila kuongeza kitu? Unanyooka, ndiyo. Sasa urefushe mpaka ukate mhimili wa presha. Haupiti kwenye sifuri, unakata kwenye hasi 101. Presha ya hewa ya mahali pako imejitokeza yenyewe! Tafadhali, msiulazimishe mstari upite kwenye sifuri kwa kuwa kitabu kimechora hivyo.

Namba hizo zimeuacha nje mpira wa kuunganishia bomba na geji. Wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 na urefu wa sentimita 30 unabeba karibu mililita 4 za hewa. Kwenye 60 ni kidogo. Kwenye 20 ni karibu moja ya tano. Ukateni uwe mfupi, au jumlisheni ujazo wake.

Joto, kwa haraka. Ukisukuma ghafla, hewa inapata moto na geji inapanda kupita kiasi. Sukuma polepole, usilikumbatie bomba kwa kiganja, subiri mshale utulie. Mshale ukizidi kushuka bila kutulia, kiungo kinavuja: kaza, fungulia hewa, anza upya kwenye 60.

Mabomba yako mezani, mikasi pia.