Msichomoe Waya wa Betri Gari Likinguruma

Shikamooni wazee wangu. Wengine, habari za asubuhi. Nimepita hapo nje nikaona Noah, Voxy, Alphard mbili na Ipsum moja, nikajua leo naongea na watu wangu. Magari hayo yanabeba watoto shuleni, yanabeba shangazi kwenda hospitali, mwezi wa kumi na mbili yanapanda mkoani. Na yakija kwangu, karibu yote yanakuja na sentensi moja: "Fundi, betri imekufa, niwekee nyingine."

Mimi huuliza: nani kakwambia imekufa? Hapo ndipo ninapojibiwa kitu kinachoniumiza roho. "Fundi mmoja alichomoa waya wa betri gari likiwa linanguruma."

Naona mnatikisa vichwa. Basi wote mmeliona. Gari linawashwa, spana namba kumi inatoka mfukoni, kichwa cha hasi kinalegezwa, waya unanyanyuliwa. Gari likiendelea kunguruma, altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, ni nzima. Likizima, altaneta imekufa. Hakuna mita, hakuna swali. Ndugu zangu, usimruhusu mtu yeyote kufanya hivyo kwenye gari lako. Awe fundi wako wa miaka yote, awe shemeji yako, mwambie hapana.

Betri kazi yake si kupiga stata tu. Gari likitembea, betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta, kama tangi la juu ya nyumba linavyopokea maji ya pampu yanayokuja kwa mikupuo. Sasa chukua betri iliyolala, inayonyonya chaji kwa nguvu, labda amperi 40. Uikate ghafla. Altaneta haijui kwamba umekata. Sumaku ndani yake haiwezi kupoa papo hapo, na reguleta, kidhibiti cha volti zake, inachelewa kuizuia. Volti zinaruka. Kwa muda usiofika nusu sekunde zinaweza kupita 40, na kwenye altaneta isiyo na kinga zinaweza kufika hata 80. Na gari lako ni la volti 12! Umeme huo unakwenda wapi? Unakwenda kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, kwenye redio, kwenye daiodi za altaneta yenyewe, vile vipande vinavyogeuza umeme wake wa AC kuwa DC wa kuchaji betri.

Kuna mtu atasema, baba yangu alikuwa na Peugeot 504, walikuwa wanachomoa waya kila siku na gari likadumu. Ni kweli. Gari lile lilikuwa na kabureta na platini. Halikuwa na kompyuta ya kuunguza. Noah yako inaamriwa na kompyuta wakati wa kumwaga mafuta na wakati wa kuwasha plagi. Hayo ni magari mawili tofauti.

Mwingine atasema, fundi wangu amefanya mara mia na hakuna kilichoharibika. Amejuaje? Daiodi moja ikiungua, altaneta haifi siku hiyo. Inaendelea kuchaji, ila kwa upungufu, na usiku daiodi hiyo inaweza kuvujisha umeme wa betri kupitia altaneta. Baada ya wiki tatu mwenye gari anaamka, gari haliwaki, na anayelaumiwa ni betri.

Na kibaya zaidi, kipimo chenyewe hakisemi ukweli. Niliwahi kupigiwa simu saa nne usiku na baba mmoja aliyekwama barabara ya Segera, kukiwa na giza na mvua, mke na watoto wanne ndani. Walikuwa wanakwenda Lushoto msibani. Taa ya betri kwenye dashibodi ilikuwa inawaka na kuzimika tangu Mlandizi. Walisimama Chalinze. Fundi wa pale akakanyaga mafuta kidogo, akachomoa waya, gari halikuzima. Akasema altaneta nzima, betri ndiyo mbovu. Baba wa watu akanunua betri mpya, tena kwa pesa ya msiba.

Betri ile ilikuwa N50, yaani amperi-saa 50: ukivuta amperi moja, inadumu saa 50. Tupige hesabu pamoja. Pampu ya mafuta, plagi na kompyuta, weka amperi 15. Taa kubwa, 10. Feni ya hewa na waipa, 15 nyingine. Hiyo ni 40. Kwa altaneta isiyochaji, betri mpya kabisa inakupa saa moja na kidogo, na kwa kweli haifiki hata hapo, kwa sababu injini inaanza kusumbua kabla betri haijakauka. Ndivyo ilivyokuwa. Taa zikafifia, redio ikakata, dashibodi ikawaka taa zote, gari likazima katikati ya barabara ya malori. Watoto wanne ndani!

Asubuhi altaneta ilifunguliwa, kaboni zinazopeleka umeme kwenye sumaku yake inayozunguka zimeisha. Vipande viwili vya ukubwa wa ncha ya kidole. Ukikanyaga mafuta zinagusa kidogo, umeme unatoka, ukiachia, hautoki. Mita ingeonyesha hilo Chalinze kwa dakika mbili, wakalala Lushoto. Nalisimulia hili kila mahali, na nitaendelea kulisimulia.

Sasa mita. Hii ni mita ndogo ya kidijitali, ya Kariakoo, bei yake haifanani hata kidogo na bei ya betri. Weka kwenye volti za DC, alama ya 20. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Asubuhi, gari limelala usiku kucha, soma. Ikisoma 12.6, betri imejaa. 12.2, imebaki nusu. Chini ya 12, imelala. Ikiganda kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja kati ya sita imekufa, na hapo kweli nunua betri.

Kisha mwenzako apige stata huku wewe unatazama. Isishuke chini ya 9.6. Betri iliyojaa ikishuka mpaka 8, imechoka.

Gari likishawaka, soma tena. Unataka 13.8 mpaka 14.5. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaacha, washa taa kubwa, feni na redio. Ikibaki juu ya 13, altaneta inabeba mzigo. Ikiteremka kwenye 12 na kuendelea kushuka, altaneta haichaji vya kutosha, au mkanda unaoizungusha unateleza. Magari mapya kidogo, altaneta yake inaongozwa na kompyuta, yanaweza kuonyesha 12.8 yakiwa sailensa, yaani yananguruma bila kukanyagwa mafuta, bila mzigo. Usiihukumu kabla hujawasha taa. Ikipita 15, reguleta imeharibika, na betri itachemka mpaka inuke kama yai viza.

Naona saa inanikimbia. Daiodi mwachieni fundi, ila mwambieni aweke mita kwenye AC gari likinguruma: ikizidi nusu volti, daiodi ina shida. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe, safisheni. Gari lizimwe, na hasi itoke kwanza. Nusu ya "altaneta mbovu" ninazoletewa ni waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, uliooza. Maji ya betri ni yale ya dukani yaliyosafishwa, si ya bomba, na joto la Dar linayakausha upesi. Wanaofunga skrini na spika kubwa kwa ajili ya watoto, nilitaka kuwasemea kwa kirefu, lakini basi: kama betri inalala usiku bila sababu, anzeni hapo, na kwenye taa ya ndani ya mlango wa pembeni usiofunga vizuri.

Mama amenyoosha mkono, anauliza kubusti, yaani kuwasha gari kwa umeme wa betri ya gari lingine. Chanya kwa chanya kwanza. Hasi ya mwisho ibane kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi inayolipuka kwa cheche moja. Na gari la otomatiki msilisukume, haliwaki kwa kusukumwa.

Tutoke nje sasa. Mwenye Noah ya fedha pale chini ya mwembe, umesema taa ya betri imekuwa ikimulika tangu Jumatatu. Fungua boneti, mita nitaishika mimi, na wewe mwenyewe usome namba kwa sauti wote wasikie.